Naomba Ufute Yote

Mama Pacha alipiga chapa barua za watu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama yeye mwenyewe ana la kusema. Alikuwa nalo. Alikuwa nalo tele, na alipostaafu akaanza kulimwaga taratibu ndani ya kompyuta iliyokaa kwenye kona ya sebule, kati ya kabati la vyombo na cherehani isiyokuwa na sindano.

Kompyuta yenyewe usiulize. Skrini yake ilikuwa ya kichogo, ile ya zamani ambayo kuihamisha lazima muwe wawili, na wote muwe na migongo mizima. Boksi lake la chini, ambalo watu huliita sipiyu, lilikuwa jeupe enzi hizo, sasa limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Betri ya saa yake ilikufa zamani, kwa hiyo kila ikiwashwa iliamini kwa moyo mmoja kwamba leo ni tarehe mosi Januari, ya mwaka ambao mapacha walikuwa bado wanang'oka meno ya utotoni. Mapacha hao sasa ni watu wazima wenye vitambi.

Siku za karibuni ilikuwa imepata ugonjwa mpya. Ukiiwasha inanguruma, inazidi kunguruma mpaka huwezi kusikia redio, na baada ya dakika kumi inazima kabisa bila hata kuaga. Baba Pacha alikuwa na tiba moja tu, nayo ni kuizaba kofi ubavuni. Huyu alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu, mtu aliyezunguka madukani nusu ya umri wake akiwakamata wauza sukari, na aliamini kila kifaa duniani kinaweza kukusikiliza kikikuogopa.

"Usiipige!" Mama Pacha alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni.

"Si inawaka?"

"Inawaka kwa uchungu!"

Sababu ya kelele hizo Baba Pacha hakuijua. Ndani ya boksi lile kulikuwa na kitabu. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, kazi ya miaka sita, na nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Hakikuwahi kuchapishwa kwenye karatasi kwa sababu mwenye duka la kutoa nakala mtaani alikuwa na tabia ya kusoma kila kinachopita mikononi mwake, halafu kukisimulia kinyozi, na kinyozi ndiye gazeti la mtaa. Mama Pacha alikuwa hajamwonyesha mtu hata mstari mmoja. Mumewe akimkuta pale na kumwuliza anafanya nini, alijibu anacheza karata. Na faili lenyewe alilipa jina la "Maelekezo ya Pasi", maana katika nyumba ile hapakuwa na mwanamume aliyewahi kuigusa pasi, seuze kuisomea.

Basi, siku moja alipoona dakika kumi zimekuwa saba, akaona mambo yameharibika. Akampigia fundi, mtu mzima wa makamo aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bisibisi. Bisibisi alisikiliza ngurumo kwenye simu kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akasema ni vumbi. Vumbi limeziba feni, joto halina pa kutokea, na mashine inajizima ili isiungue. Angekuja kesho yake asubuhi.

Kesho yake Mama Pacha hakuwepo. Mdogo wake alikuwa anahama nyumba, mitaa minne kutoka hapo, na vyombo vyake vya kioo hakumwamini mtu kuvifunga isipokuwa dada yake. Kwa hiyo Mama Pacha akaona amwachie fundi maagizo kwa maandishi. Akachukua karatasi akaandika: "Fundi, naomba ufute vumbi lote, ndani na nje." Akaisoma, akakunja uso. Neno vumbi likamchoma. Yeye, mwanamke anayepiga deki mara mbili kwa siku, aandike kwa mkono wake na kubandika sebuleni kwake kwamba mna vumbi? Mtu akiingia akasoma je? Akachana karatasi, akachukua nyingine, na kwa herufi kubwa za mtu wa ofisi akaandika:

FUNDI, NAOMBA UFUTE YOTE, NDANI NA NJE. USIBAKIZE HATA CHEMBE.

Akaibandika kwenye kichogo cha skrini, akamuaga mumewe, akaondoka roho ikiwa nyeupe kabisa.

Saa nne simu yake ikalia. Alikuwa amepiga magoti katikati ya magazeti ya zamani, anavisha bilauri moja moja, na seloteipu kubwa ameivaa mkononi kama bangili.

"Fundi amefika," Baba Pacha alisema. "Amesoma karatasi yako. Anauliza, yote kweli?"

"Yote. Si nimeandika? Au herufi hazisomeki?"

"Zinasomeka. Anasema tu ujue, akishafuta hakuna kurudi."

"Hayo ndiyo maneno! Yule fundi wa mwaka juzi alifuta nusunusu, wiki mbili hazijaisha hali ikawa ile ile."

"Kwa hiyo hakuna kitu chochote unachotaka kibaki?"

"Kibaki cha nini, nikiweke makumbusho? Inanikohoza kila siku hiyo! Mwambie afute, Baba Pacha, na wewe usimsumbue fundi wa watu kwa maswali."

"Haya," alisema mumewe, kwa sauti ya mtu aliyejifunza zamani kwamba mkewe akisema futa, ni futa.

Mama Pacha akarudi kwenye bilauri zake. Alikuwa na furaha. Aliimba hata wimbo, na mdogo wake akamwuliza kama amepata habari njema.

Saa nane na nusu kabati la vyombo lilikuwa tupu na maboksi yamejaa. Mdogo mtu akatoa simu.

"Dada, ngoja nikuonyeshe jiko la kule ninakohamia. Nililipiga picha..." Akatafuta, akatafuta. "Ah! Kumbe sinazo. Simu ilijaa juzi, nikafuta."

"Ukafuta nini?"

"Picha na mafaili ya zamani. Nikafuta yote."

Mama Pacha alikuwa ameshika sahani, ile kubwa ya mwisho. Akaiweka chini polepole sana. Mdogo wake baadaye alisimulia kwamba dada alibadilika rangi, midomo ikawa inasema "yote, yote" bila sauti, kisha akainuka na kutoka bila viatu, akarudi kuchukua viatu, akatoka tena na kiatu kimoja mkononi.

Alipiga simu akiwa njiani. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Simu ya Baba Pacha kama kawaida ilikuwa juu ya friji, mahali alipoiweka ili isipotee, na aliposhindwa kuisikia kila siku ya Mungu. Mama Pacha akapita saluni akikimbia, wasusi wakatoka na vichana mkononi kuangalia. Akapita duka la kutoa nakala, na mwenye duka akampungia, na kwa mara ya kwanza maishani Mama Pacha alimtamani yule mbea. Angempa zile kurasa. Angempa zote azisome, amsimulie kinyozi, wanyolewaji wote wazijue kwa kichwa, ilimradi ziwe mahali fulani! Miaka sita alikificha kitabu kile kisionwe na mtu, na sasa hakuna ambaye angekiona kamwe, hata yeye. Alilia akikimbia, seloteipu ikigonga mkononi.

Akasukuma mlango wa sebule.

Bisibisi alikuwa amepiga magoti mbele ya sipiyu, miwani moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Baba Pacha alikuwa amesimama na sinia, analipepea lile boksi kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Skrini ilikuwa nyeusi tii.

"Mmefuta?" aliuliza.

Wanaume wakatazamana.

"Kaa kwanza," alisema Baba Pacha.

Hakukaa, alianguka. Alikaa sakafuni pale pale mlangoni na kulia kwa sauti, kilio cha msibani, mpaka sinia likamtoka mumewe mikononi. Miaka arobaini ya ndoa alikuwa hajamwona akilia hivyo.

"Kitabu changu," alisema. "Miaka sita. Nilisema vumbi, jamani. Nilisema mfute vumbi!"

"Vumbi?" Bisibisi akachomoa karatasi mfukoni akaisoma upya, mara kwa miwani hii, mara kwa ile. "Mama, hapa vumbi halipo."

"Nililitoa! Niliona aibu!"

"Basi hatujafuta," Baba Pacha alisema haraka, akimwinua. "Hatujafuta kitu, mke wangu. Wala hilo vumbi hatujaligusa."

Mama Pacha akakata kilio katikati. "Hamjafuta? Sasa mbona umeniambia nikae?"

"Kwa sababu mimi na wewe tuna kesi."

Ikabidi aelezwe kwa utaratibu. Bisibisi ana sheria moja ambayo haivunji, tangu siku alipofuta picha zote za harusi ya watu na kukimbizwa na mama wa bibi harusi mpaka barabara kuu. Sheria ni kwamba hafuti faili mpaka alitaje jina kwa sauti mbele ya mwenye nyumba. Alikuwa ametaja kumi na mawili, bila kufuta hata moja, na Baba Pacha ameshakubali yote, ndipo akafika kwenye "Maelekezo ya Pasi". Akashangaa. Faili lilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili.

"Nikamwambia fundi, pasi yetu ina kitufe kimoja," alisema Baba Pacha. "Kurasa mia mbili za nini? Nikasema fungua nikague."

"Tukasoma mstari wa kwanza," alisema Bisibisi. Akafumba macho akautoa kwa kichwa: "'Barua ya kumfukuza kazi karani ilitoka kwa bosi saa tatu asubuhi, na ilipofika saa tatu na nusu, mikononi mwa mpiga chapa, ilikuwa imeshakuwa barua ya kumpandisha cheo.' Mama! Hapo mtu anaachaje?"

Hawakuacha. Walisoma tangu saa nne. Mashine ikawa inawapa dakika saba saba, kisha inazima, nao wanaipepea kwa sinia mpaka ipoe, wanaiwasha, wanatafuta pale walipoishia. Bisibisi alikuwa na miadi mingine miwili, yote akaivunja. Chakula cha mchana walikula wamesimama. Fundi wa kompyuta, mtu anayejua kabisa kwamba kazi ya robo saa kwa brashi ingemaliza tabu yote, hakutaka kupoteza hiyo robo saa.

Mama Pacha alihisi masikio yanawaka. "Mmesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho," alisema mumewe. "Na kesi yangu inaanzia ukurasa wa thelathini. Kuna mtu mle ndani, mkaguzi wa mizani."

"Ni mtu wa kubuni."

"Anakoroma."

"Watu wengi wanakoroma, Baba Pacha."

"Anapima sukari ya chai yake kwa mizani ya ofisini! Sawa, tuseme ni wa kubuni. Kwa nini umemwua? Na umemwua kwa ngazi! Anabadilisha taa, anaanguka, basi. Ngazi yenyewe ya hatua tatu. Mtu mzima anakufaje kwa ngazi ya hatua tatu?"

"Hadithi ilitaka mjane."

"Na mazishi yake watu kumi na wawili! Nimehesabu. Kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa amekosea msiba!"

Bisibisi akajikohoza kuficha kicheko. Baba Pacha akamtolea macho, kisha akamgeukia tena mkewe. "Halafu nikaangalia tarehe. Faili zima limeandikwa tarehe mosi Januari. Kurasa mia mbili na zaidi kwa siku moja, Mama Pacha. Siku hiyo sisi tulikula nini?"

"Ni betri ya saa, mzee," alisema Bisibisi. "Imekufa."

"Kumbe tumekufa wengi."

Mama Pacha alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimponyoka huku machozi hayajakauka, na mumewe naye akajitahidi kubaki amenuna, akashindwa. Aibu ile aliyoiogopa miaka sita ilikuwa imefika, imeketi sebuleni kwake, na haikumwuma kama alivyodhani. Alitaka waendelee kulalamika. Alitaka wamweleze ukurasa kwa ukurasa.

"Sasa mama," Bisibisi alisema kwa sauti ya kazi, "mimi nina tatizo kubwa kuliko la mzee. Hadithi imekatika. Ukurasa wa mwisho karani amepotea miaka mitatu, mlango unagongwa, imeandikwa 'na mpiga chapa akasema', halafu hakuna kitu. Nimekagua diski mara tatu. Nimetafuta kwenye pipa la taka, nimetafuta mafaili yaliyojificha. Nilikuwa naanza kufungua boksi uliponikuta. Huo mwisho umekwenda wapi?"

Kwa kweli alikuwa na wasiwasi. Alikuwa ameupoteza mwisho wa kitabu cha mteja.

Mama Pacha akautazama ule uso wenye miwani mbili, akaona hana budi kusema. "Haujapotea. Sijauandika."

"Kwa sababu mashine inazima?"

Hiyo ndiyo sababu aliyokuwa akijipa mwenyewe kwa miezi mitatu. Anakaa, anasoma ukurasa wa mwisho, mashine inanguruma, inazima, naye anainuka akiwa na nafuu moyoni. "Ndiyo," alisema. "Mashine inazima."

"Basi hilo langu." Bisibisi akakunja mikono ya shati.

Kwanza akakinakili kitabu kwenye fleshi tatu. Moja akampa mama, moja akamwekea mzee mfukoni, ya tatu akaiweka kwenye soksi yake mwenyewe, akasema huko hakuna mwizi anayethubutu. Kisha akachomoa nyaya zote, akalibeba boksi mpaka uani, akalivua ubavu. Jamani! Vumbi lilikuwa limekaa mle kama blanketi. Feni ilikuwa imevaa sweta. Bisibisi akapuliza kwa bloa, wingu likapanda, na Mama Pacha akageuka kuangalia kama majirani wanaona. Walikuwa wanaona. Akaona potelea mbali.

Akaipiga feni brashi, bapa kwa bapa. Akakwangua dawa nyeupe iliyokauka juu ya prosesa, ubongo wa mashine, akapaka mpya ya kuisaidia ipoe. Akaweka betri mpya ya saa, ndogo ya duara. Kisha akachomoa kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa raba. Raba ya kawaida, ile ya kufutia penseli.

"Hiyo ya nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Nafuta kumbukumbu."

Aliruka. Aliruka kwa umri ule na miguu ile, akamshika fundi kifundo cha mkono, na Baba Pacha akamshika upande wa pili, na Bisibisi akabaki katikati yao mikono juu.

"Kumbukumbu ndiyo hii!" alilia. "Hiki kibao! Ndilo jina lake! Nayafuta meno uchafu ili kigusane vizuri, kitabu hakikai humu!"

Wakamwachia, lakini walisimama wakimtazama mpaka alipomaliza.

Walipoirudisha sebuleni na kuiwasha, Baba Pacha aliinua mkono kuiandalia kofi, akaushusha. Kompyuta iliwaka kimya. Ilikaa dakika kumi. Ikakaa ishirini. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ilijua leo ni tarehe ngapi. Sebule ikawa na utulivu wa ajabu, na katika utulivu huo wanaume wawili walikuwa wamevuta viti, wamekaa, wanamtazama Mama Pacha.

"Mnangoja nini?"

"Mwisho," alisema Bisibisi.

"Sijui mwisho." Akasema ukweli. "Nimeogopa. Sijui karani arudi au asirudi, na nikiandika vibaya nitakuwa nimeharibu yote."

Baba Pacha hakujua kubembeleza. Aliyajua mawe ya kupimia na faini. Akaukuna utosi. "Andika chochote," alisema. "Ukikosea tutakwambia. Unadhani mimi nitakuonea haya, baada ya watu kumi na wawili?"

Mama Pacha akakaa. Akanyoosha vidole, akavipasha moto kama zamani ofisini. "Msisimame nyuma yangu," alisema. "Siwezi kuandika mtu akinipumulia." Wakaahidi, wakaenda jikoni, akasikia wakigombana kwa kunong'ona kuhusu karani. Haukupita muda, viti havikulia, mlango haukulia, lakini akajua wamerudi. Fundi alikuwa na pumzi ya kupiga filimbi puani, na Baba Pacha goti lake moja hutoa mlio.

Hakugeuka. Alisoma sentensi iliyokatika, akaacha vidole viende. *Mlango ukagongwa, na mpiga chapa akasema: "Kama ni karani, ingia. Kama ni marehemu, vua viatu, nimetoka kupiga deki."*

Alikuwa amepiga chapa maelfu ya barua katika maisha yake, na watu walizisaini, walizikunja, walizitia kwenye bahasha, na hakuna siku hata moja ambayo mtu alitoa sauti juu ya alichokiandika, isipokuwa amekosea. Akangoja, vidole vikiwa juu ya kibodi.

Baba Pacha akacheka. Alicheka mpaka akashika kiti cha mkewe asianguke, akicheka pale pale Mama Pacha alipotaka acheke, kwenye neno lile lile. Mama Pacha akafuta macho kwa kiganja, akaanza mstari mwingine.